Nyumba ya Maajabu na barza yetu

Hapa Yanonge, ukiingia katika saloni ya mtu mwenye kazi, mara nyingi utaona ukutani kalendari ya zamani. Miezi yake iliisha kupita, lakini picha imebaki sababu ni nzuri. Ni picha ya mji wa pwani: bahari, masua, na nyuma yake nyumba ndefu za vioo. Dar es Salaam, au Mombasa, wakati mwingine Dubai. Mgeni akikaa, mwenye nyumba atanyoosha kidole: "Ona, benzetu balisha endelea." Wasomaji wapenzi, neno hili njo nataka kujadili. Tunapima maendeleo ya mji kwa kuhesabu etaji, na kipimo hicho kimekuwa kwetu sawa vile desturi. Nani alitufundisha?

Sidhani ni Wazungu peke yao. Mbele ya nyumba za vioo kulikuwa nyumba moja ambayo sifa zake zilifika mpaka huku mtoni, zikibebwa na watu wa misafara: Beit el-Ajaib ya Unguja, maana yake Nyumba ya Maajabu. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883 kando ya bahari, ili kila anayefika kwa chombo aione kwanza kuliko kitu kingine. Ukihesabu sakafu zake hazifiki tano. Leo mtoto wa Kisangani aliyezoea kuona Hotel Congo Palace hawezi kushangaa. Lakini kila sakafu iko juu sana, nguzo zake ni za chuma kilichotoka ng'ambo, milango yake imechongwa na mafundi wa kweli, na baadaye iliwekwa umeme na asanseri wakati miji mingi ya Afrika ilikuwa bado inatumia taa ya mafuta. Barghash hakuwa mtu wa majivuno tu. Alikuwa ameishi Bombay, alitembelea Ulaya mwaka 1875, na alileta maji ya mabomba mjini kwake. Tuseme haki.

Sasa tuangalie mwaka ule ule kwa upande wetu. Mwezi wa Novemba 1883 Stanley alipandisha mto kutoka mdomo wa Aruwimi kuelekea maporomoko, yaani alipita mbele ya pwani zetu hizi. Aliandika alichokiona: vijiji vimechomwa moto, migomba imekatwa, watu wamekimbilia mitumbwini, na mbele zaidi kambi ya watu wa misafara yenye mateka kwa mamia, wanawake na watoto wengi, wamefungwa minyororo. Stanley alikuwa na faida yake katika kuwachafua Waarabu, hilo tunajua, na bwana wake Leopold alikuja kutufanyia mabaya yake mwenyewe. Lakini habari ya moto ule hatukuisoma kwake tu. Familia za Walokele zinaisimulia mpaka leo, na wanaosimulia hawajasoma kitabu cha Stanley.

Mwaka ni mmoja. Unguja wanamaliza Nyumba ya Maajabu, huku kwetu nyumba zinaungua. Sisemi kwamba kila nguzo ililipwa na pembe ya tembo wa Lomami, hesabu hiyo siwezi kuifanya. Ila hazina ya sultani ilikula ushuru wa forodha, na katika ushuru huo karafuu na pembe za ndovu zilikuwa mambo makubwa. Pembe zilitoka wapi? Tippu Tip, aliyefanywa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887 kwa mkataba uliofanywa Unguja, alikuwa mfanyabiashara wa pembe kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Nyumba yake nayo ipo Unguja, alifia kule mwaka 1905. Basi anayesifu urefu wa nyumba za pwani bila kuuliza mzigo wake ulibebwa na mabega ya nani, amesoma nusu ya ukurasa.

Najua kuna ndugu watakaonikasirikia. Watasema: sisi Arabisés tuko hapa, tumeoana nanyi, mbona unafukua? Jibu langu ni kwamba ninaandika kwa Kiswahili. Lugha hii yenyewe ilikuja na msafara ule ule. Na mpunga tunaoulima, tunaoupakia kwenye mitumbwi na balenieri mpaka Kisangani, ulikuja nao pia. Siwezi kutupa yote, wala siwezi kula wali huku ninajifanya sijui ulipotoka.

Na hapo njo nafika kwa jambo ambalo wasifu wa etaji hawalioni. Angalieni picha ya Beit el-Ajaib vizuri. Kilicho bora pale si kimo. Ni barza. Kila sakafu imezungukwa na barza pana, pande zote, ili jua lisipige ukuta na upepo wa bahari upite. Ni nyumba kubwa ambayo mtu anaweza kusimama ndani yake na bado akawa nje, akaona watu na watu wakamuona. Fundi aliyefikiri hivyo alijua joto ni nini.

Kimo cha Unguja hakikufika Yanonge, barza ilifika. Jina na kitu vyote viwili. Pwani wanasema baraza, sisi tulilikata tukasema barza, hata Wabelgiji wakalichukua wakaliandika hivyo katika Kifaransa chao cha Kongo. Nyumba ya poto-poto yenye pembe nne, paa limeshuka mbele, na kiti kirefu chini yake: pale mzee anapokea wageni, pale shauri la mahari linasemwa, pale mvua ikinyesha wapita njia wanajificha bila kuomba ruhusa. Kwa maoni yangu huu njo urithi mkubwa wa ujenzi tulioupata kutoka pwani, na hakuna kalendari inayouonyesha.

Kimo kina hatari yake pia. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga jumba la Unguja kwa muda usiofika saa moja. Mnara wa taa uliosimama mbele ya Beit el-Ajaib haukupona, na kiisha wakajenga mnara wa saa kwenye nyumba yenyewe. Sisi wa upande wa Kisangani hatuhitaji kufundishwa jambo hilo. Mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mjini kwetu kwa siku sita, makombora yalianguka zaidi ya elfu sita, na kathedrali ya Notre-Dame du Rosaire, ambayo mtu wa mtumbwi anaiona toka mbali, ilipata majeraha yake.

Hata amani haitoshi kama matunzo hayapo. Tarehe 25 Desemba 2020, Beit el-Ajaib ikiwa katika matengenezo yaliyolipiwa na Oman, sehemu ya mbele pamoja na mnara wa saa ilianguka. Wafanyakazi wawili walikufa. Dar es Salaam nayo iko leo na minara pacha ya PSPF, yenye ghorofa zaidi ya 30, na mwenye kalendari ana haki ya kushangaa. Lakini katika mji ule ule, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa liliporomoka, watu 36 wakafa. Kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Tena mingi ya minara hii mipya imevaa kioo toka chini mpaka juu. Kioo katika inchi ya jua! Umeme ukikatika, ndani ni chungu kwenye moto. Nyumba ya mwaka 1883 ilijua jambo ambalo hizi zimesahau.

Walokele hawakuwa watu wa kujenga juu. Sauti yao njo ilipanda. Ngoma ya bongungu, gogo lililochimbwa, ikipigwa usiku kando ya maji ilisikika maili sita au saba. Ghorofa gani inaonekana hivyo gizani?

Sasa siku hizi mtu akipata pesa hapa kwetu, anataka etaji. Sawa, ajenge. Lakini kitu cha kwanza anachofuta kwenye plani ni barza, kiisha anazungusha ukuta wenye chupa zilizovunjika juu. Jirani yangu mmoja alinionyesha karatasi ya nyumba yake: etaji moja, madirisha ya vioo, mbele hakuna kitu. Nikamuuliza, "Yaya, bazee batakaa wapi?" Akaangalia karatasi muda mrefu. "Batapanda juu," akasema. Mama yake alikuwa pale pembeni, chini ya paa la nyumba ya zamani, anachambua pondu. Magoti yake yanamuuma tangu miaka mingi. Hakusema kitu, alivuta tu kiti chake kidogo, jua lilikuwa limeanza kumfikia.