Ngitili: Ufundi wa Kufunga Malisho Shinyanga

Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma wa Shinyanga huyafunga mvua zinapoanza na kuyafungua kiangazi kinapokaza. Kaya hufunga hekta chache jirani na boma lake; kijiji hufunga eneo kubwa zaidi kwa makubaliano. Kwa kawaida hakuna uzio. Kila mchungaji anaujua mpaka, na anayeuvuka hujibu mbele ya dagashida, baraza la wanakijiji, na kutozwa faini.

Ustadi wenyewe uko katika kufungua. Julai au Agosti, nyasi za nje zikiisha, mwenye ngitili haingizi kundi zima. Hutangulia ndama, ng'ombe wanaokamuliwa, wagonjwa na maksai wa kulimia; hulishwa kipande kimoja, kikiisha ndipo kingine. Hesabu hiyo ni ya mkulima sawa na mfugaji, kwani maksai waliokonda mwezi Oktoba hawavuti jembe mvua ya kwanza inaponyesha, na mtama, mahindi na pamba vyote huchelewa kupandwa. Anayeweza kuitazama nyasi Juni akajua itamfikisha wapi, huyo ni fundi kamili.

Ufundi huu ulikaribia kupotea. Enzi za ukoloni mapori yalifyekwa kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao, zikabaki bila wa kuzilinda. Kufikia 1986 zilizosalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mwaka huo serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mradi ulianza kwa kusambaza miche, lakini heshima yake kubwa ni kwamba uliwarudia wazee na desturi yao ya kufunga: visiki na mizizi vilikuwa bado hai, vikihitaji kupumzishwa tu. Ulipata Tuzo ya Ikweta mwaka 2002, na hadi unamalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi katika vijiji 833.

Inasikitisha kuona jinsi urithi huo unavyochezewa leo. Miti hukatwa kwa mkaa unaouzwa mijini, na machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita yanataka matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta za maduara, mashimo ya wachimbaji. Vijana ambao wangejifunza kuchunga mpaka wamefuata dhahabu. Mwenye ngitili akifariki, eneo hugawanywa kwa warithi mpaka kipande cha kila mmoja hakiwezi kulisha hata jozi ya maksai, na wengi hukilima mwaka huohuo.