Fundi wa Ulimi

Siku moja ya kaskazi, baada ya sala ya Alasiri, bibi mmoja wa Kijerumani alipotea Sokomuhogo. Si ajabu, vichochoro vya Mji Mkongwe huwapoteza hata waliozaliwa humo. Kijana aliyetaka kumsaidia alitoa simu, akaiambia maneno yake, simu ikayageuza Kijerumani na kumsemea. Bibi akaitazama simu, akaijibu simu. Walisimama hivyo uso kwa uso, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Ndipo mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani, kikombe cha kahawa mkononi, akamwamkia yule bibi kwa Kijerumani na kumuuliza anatoka mji gani. Bibi akageuka upesi, uso umemkunjuka. Nusu saa baadaye alikuwa bado yuko pale, dele limeshapita mara mbili, na safari yake ya Shangani haitaji tena.

Mzee huyu namjua tangu nikiwa mtoto. Alipelekwa Ujerumani Mashariki katika miaka ya sitini. Mwaka 1964, mara baada ya Mapinduzi, Zanzibar ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuitambua serikali ya upande huo. Mafundi wao wakaja kutusaidia kujenga majumba ya Kikwajuni, na vijana wetu wakaenda kwao kusoma. Yeye alifikia Leipzig, kwenye Taasisi ya Herder, walikofunzwa lugha wanafunzi wa kigeni kabla ya kuingia vyuoni. Darasani, anasema, alipata sarufi. Ulimi aliupata kwa muuza mikate.

Nimemsikia akikisimulia kisa hiki mara nyingi na sijachoka nacho. Jirani na bweni lao palikuwa na duka la mikate, na muuzaji wake alikuwa mama mtu mzima asiye na maneno mengi. Wenzake mzee walinunua mikate ya wiki nzima kwa safari moja, wakionyesha kwa kidole, wakalipa, wakaondoka. Yeye alinunua mmoja. Jioni akarudi, akanunua mwingine. Kila safari aliingia na sentensi moja mpya aliyokwisha kuisema njiani, peke yake, kwenye baridi, mpaka midomo ikaizoea. Siku ya kwanza ilikuwa salamu. Ya pili, salamu na hali ya hewa. Ilipofika wiki ya tatu alimuuliza yule mama kama mguu wake umepoa, maana alikuwa amemsikia akimlalamikia mteja mwingine. Mama akaacha kufunga mkate, akamtazama, akamjibu kwa kirefu. Mzee hakuelewa hata nusu. Lakini hakuondoka. Alisimama akasikiliza, na kesho yake akaja kuuliza neno moja kati ya yale yaliyompita.

Na alikuwa na mtaji aliotoka nao nyumbani. Sisi tuliosomea chuo cha Kurani, mkekani, mbele ya mwalimu mwenye bakora, tulifunzwa makhraji ya herufi kabla ya kufunzwa maana. Mwalimu wangu wa Malindi alikurudisha kwenye khe mara kumi, mpaka itoke kooni inapostahili kutoka. Ile khe ndiyo iliyomo ndani ya Buch na Nacht za Wajerumani, na r yao husikika karibu na ghaini yetu. Hata zile der, die, das zinazowatia watu homa, kwetu sisi wenye ngeli zina ugeni gani? Anayejua kwa nini mti unaanguka na kiti kinaanguka hana haki ya kuogopa majina kuwa na jinsia tatu.

Tunachokosa ni uvumilivu wa kukosea mbele ya watu. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu nililiona kwangu nilipokwenda kusoma Ujerumani. Karani wa ofisi moja aliniinulia sauti mara moja tu, nami nikanyamaza miezi miwili, nikajificha kwenye Kiingereza na kwa wenzangu wa nyumbani. Baadaye nikajiuliza woga ule nimeutoa wapi. Waunguja tunajivunia fasaha yetu, na mgeni akiteleza kwenye Kiswahili tunamcheka, tena tunamwiga kwa wiki nzima. Aliyezoea kucheka ulimi wa mwenzake huogopa kuutoa wake.

Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, hakuwa na mahali pa kujificha. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844, na alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana hawakufunzwa kuandika. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, mwaka uliofuata akaolewa Aden na Mjerumani, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya watu na lugha ya watu. Mwaka 1886 kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin, kwa Kijerumani. Katika mji huohuo, miaka michache baadaye, Amur bin Nasur, naye wa kwetu, alikuwa akiwafundisha Wajerumani Kiswahili. Hawa wote walijenga ulimi kwa kuishi na watu.

Leo vijana wetu wanavuka bahari kwenda Dar es Salaam kufanya mitihani ya Goethe-Institut, wanarudi na vyeti vizuri, na ninawapongeza. Lakini nimekutana na wenye vyeti hivyo ambao hawajawahi kumuuliza Mjerumani habari za mguu wake. Wakifika Ujerumani wanakaa chumba kimoja watu wa nyumbani, mikate wanaagiza kwa simu, na simu ndiyo inayowasemea dukani na kwa daktari. Wanahitimu, wanarudi, na mji walioishi miaka minne haukuwahi kusikia sauti zao.

Mzee ametimiza miaka themanini sasa. Kila siku baada ya Alasiri yuko barazani Sokomuhogo, na hatozi kitu. Mpaka naandika haya, hajatokea kijana hata mmoja aliyekwenda kukaa naye na kumwomba amfundishe.