Kukitafutia Kitabu Rika Lake

Lugha ya elimu nchini Tanzania hutenganisha kitabu cha kiada, yaani kile ambacho mtaala umekifanya msingi wa somo, na kitabu cha ziada, yaani kile ambacho mwalimu hukiongeza ili somo lipate upana. Lakini katika fasihi ya Kiingereza ya shule za sekondari neno ziada huficha uzito wa jambo lenyewe, kwa kuwa kitabu cha pili kikichaguliwa vizuri hukifanya cha kwanza kiseme yale ambayo peke yake kingeyanyamazia. Maswali ya fasihi katika mtihani wa kidato cha 4 kwa kawaida humtaka mtahiniwa atumie kazi mbili, riwaya kwa riwaya au tamthilia kwa tamthilia, na kwa hiyo mwalimu anayeamua kipi kiandamane na kipi, hasa pale dhamira inapokuwa mahusiano ya watu, hushika ufundi unaostahili sifa ambazo ni nadra kupewa.

Kanuni ya ufundi huo inaweza kupatikana katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951, alivieleza vijiji vya rika vya Wanyakyusa waishio kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambako leo ni Rungwe na Kyela: wavulana waliacha maskani ya wazazi wao, wakajenga mahali pao na kukua pamoja, na thamani iliyotukuzwa kati yao iliitwa ukwangala, yaani raha na adabu ya kula, kukaa na kuzungumza na walio sawa nawe. Iliaminika kwamba hekima hupatikana katika mazungumzo ya namna hiyo, kwa sababu mbele ya baba kijana husikiliza, ilhali mbele ya mwenzake hujibu na kujibiwa. Kitabu cha ziada kinapaswa kuwa rika la kitabu cha kiada kwa maana hiyo hiyo: kikiwa mzee wake kitakisahihisha, kikiwa mtoto wake kitakiitikia tu, na katika hali zote mbili mwanafunzi hatakuwa na mjadala wa kuusikiliza.

Mfano ulio wazi ni ule wa tamthilia mbili zilizodumu kwa miaka mingi katika orodha ya vitabu vya kidato cha 3 na cha 4. Katika Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyono-Mbia wa Kamerun, Juliette, msichana aliyesoma, anakuta nyumbani kwao mahari inapokewa kutoka kwa wanaume wawili bila yeye kuulizwa, naye anaziiba faranga hizo 300,000 na kumpa mpenzi wake ili aje kuzilipa tena; lakini katika The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka, Sidi ndiye anayeidai mahari, kwa kuwa bila hiyo kijiji kitamdhania hakuwa bikira, ilhali mwalimu Lakunle, anayejiona mtu wa kisasa, anaikataa kuwa ni ushenzi. Msomaji wa tamthilia moja huhitimisha kwamba mahari ina maana moja. Msomaji wa zote mbili hulazimika kuuliza ni nani anayeipokea, ni nani anayenyamazishwa nayo, na heshima ya nani inalindwa, maswali ambayo kijana wa Tukuyu au Mafinga hana haja ya kuyaagiza kutoka mbali.

Ukaribu huo wa mambo na nyumbani hudai busara nyingine. The Black Hermit ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyochezwa Kampala mwaka 1962, inamhusu Remi aliyekwenda mjini kumkimbia Thoni, mjane wa kaka yake aliyelazimishwa kumwoa, na katika mikoa ambayo wanaume wake walikwenda kwenye dhahabu ya Chunya na migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, mke aliyeachwa nyuma si mhusika wa kubuni tu. Uchungu wa Thoni humfikia mumewe kwa barua wakati umekwisha kupita. Mwalimu makini humletea Thoni mwenzake, Lawino wa utenzi wa Okot p'Bitek, mke anayemlalamikia mumewe kwa sauti kuu, akijua kwamba utenzi hautajaza nafasi ya tamthilia katika jibu la mtihani, ila darasani utampa Thoni mtu wa kuzungumza naye.

Busara hiyo hupimwa zaidi na Passed Like a Shadow ya Bernard Mapalala, riwaya ya familia inayoangamizwa na UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011–12 ulionyesha kwamba katika Iringa na Mbeya takriban watu 9 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliishi na virusi, na katika Njombe karibu 15, maana yake madawati ya shule yalikuwa na watoto walioijua riwaya hiyo kabla ya kuifungua. Kuiambatanisha na Weep Not, Child ya Ngũgĩ, ambamo nyumba ya Ngotho inabomolewa na vita vya ukombozi, humpa mtoto kama huyo njia ya kusema jinsi familia inavyovunjika bila kushurutishwa kuitaja ya kwake.

Matunda ya uteuzi huonekana katika insha ya mtahiniwa: vitabu vilivyokutanishwa ovyo hupangwa aya kwa aya, kila kimoja na zamu yake, lakini vilivyo rika hukatizana ndani ya aya moja. Wazee wa Kinyakyusa waliwapa vijana ardhi, na ulipofika ubusoka, sherehe ya kukabidhi utawala kwa kizazi kipya, wakajiweka kando. Mwalimu naye, siku ya mtihani, hayumo chumbani. Waliomo ni mwanafunzi na vitabu viwili alivyochaguliwa kuketi navyo.