Kitegemezi na Tegemeo

Miongoni mwa istilahi za kompyuta ambazo wafasiri wamekwisha kuzizoea, iko moja ambayo yafaa irudishwe mezani, nayo ni "kitegemezi". Hutumiwa kutaja kifurushi cha programu ambacho kisipokuwapo kifurushi kingine hakiwezi kufanya kazi. Neno hili lasema kinyume cha maana inayotakiwa.

Katika fomu za utumishi, wategemezi wa mfanyakazi ni wale wanaomtegemea. Hakuna karani atakayejaza hapo jina la mwajiri. Kwa kanuni hiyo hiyo, kitegemezi ni kile kinachotegemea. Mwongozo unapoagiza "usiondoe vitegemezi", fundi aijuaye lugha atavilinda vifurushi vya juu na kuving'oa vya chini vinavyovibeba. Kosa limetokana na Kiingereza, ambacho hutumia neno moja kwa uhusiano wenyewe na kwa kitu kinachohitajiwa. Kiswahili hakina umaskini huo: utegemezi ni uhusiano, kitegemezi ni chenye kutegemea, na tegemeo ni chenye kutegemewa.

Haja ya kutenganisha maneno haya yaonekana wazi pale vifurushi vilevile vinapotakiwa kuendeshwa juu ya viini mbalimbali vya mfumo endeshi. Debian, ijulikanayo zaidi kwa kiini cha Linux, ilitoa mwaka 2011 toleo la 6.0 ambalo, kwa majaribio, lilipatikana pia kwa kiini cha FreeBSD. Maktaba ya msingi ya lugha ya C, ambayo programu nyingi mno huitegemea, huitwa libc6 juu ya Linux. Juu ya kiini hicho cha pili iliitwa libc0.1, na juu ya Hurd huitwa libc0.3. Kitegemezi ni kimoja, mategemeo ni matatu. Tena mtunzaji wa kifurushi huweza kuandika kwamba tegemeo fulani lahitajiwa juu ya Linux tu. Programu ya systemd, kwa mfano, ilitungwa kwa Linux peke yake. Toleo la 8, la mwaka 2015, lilitoka bila kiini cha FreeBSD. Mfasiri mwenye neno moja kwa pande zote mbili ataielezaje historia hiyo?

Wako wapendao "kerneli" badala ya "kiini". Hatuoni sababu, wanafunzi wa fizikia wamekwisha kulizoea katika kiini cha atomu. "Kifurushi" lina udhia kidogo, maana makampuni ya simu yamelitwaa, lakini muktadha watosha.

Huenda ikasemwa kwamba "mategemeo" aghalabu huwa ni matarajio. Ni kweli, na pingamizi hilo ni la haki. Anayelihofia na aandike "kifurushi kinachotegemewa", hata kama ni refu, mpaka istilahi isanifiwe. "Kitegemezi" libaki kwa kifurushi kinachotegemea.