MTEGEMEZI NA AHALI: Maneno Mawili Mpakani

Tunguu, iliyo katika Mkoa wa Kusini Unguja kando ya barabara itokayo mjini, siku hizi ni mahali pa vyuo. Hapo pana Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1998, na hapo pia pana majengo makuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho sheria yake ilitungwa mwaka 1999. Vyuo vya namna hii haviendeshwi na wenyeji peke yao. Huja walimu kutoka nchi nyingine, na mwalimu mwenye nyumba yake haji na sanduku la vitabu tu. Huja na mke au mume, na watoto, na pengine na mama mzazi. Mwalimu mwenyewe ana jina katika karatasi zake: ni mtaalamu, ni mwajiriwa. Hao waliofuatana naye huitwa wategemezi. Jambo linalofaa kuangaliwa na wapenzi wa lugha ni kama neno hilo limechaguliwa vizuri, na kama Kiswahili cha Unguja hakina jingine lililo bora.

Yafaa kwanza kueleza karatasi zenyewe. Uhamiaji ni miongoni mwa Mambo ya Muungano yaliyotajwa katika Katiba ya mwaka 1977. Mambo ya kazi na ajira hayamo. Kwa sababu hiyo mgeni anayekuja kusomesha Tunguu hutafuta kibali cha kazi kwa mamlaka ya Zanzibar, na kibali cha ukaazi kwa Uhamiaji, na hiki hakimtoshi pasipo kile. Neno kibali halina lawama. Asili yake ni moja na ile ya kukubali, na kabla ya kuingia ofisini lilikuwa na maana ya kupendeza na kupokewa vyema machoni pa watu. Mwenye kibali alikuwa mtu aliyekubalika. Ukaazi nao ni neno la kwao, ingawa lina mtego wake hapa Unguja, kwani “Mzanzibari mkaazi” ni cheo cha kisheria chenye kitambulisho chake, na mwalimu mgeni aweza kukaa miaka kumi kwa kibali cha ukaazi asiwe mkaazi kwa maana hiyo. Kuhusu viza, yatosha kusema kwamba lugha ilikuwa na neno hilo zamani kabla ya balozi kufunguliwa: yai viza ni lile lililoharibika lisiweze kutoa kifaranga. Aliyengojea yake miezi mitatu, huku muhula ukianza, hatashangaa kwamba maneno mawili yamekutana katika sauti moja.

Sasa mtegemezi. Kwa upande wa sarufi neno limejengwa sawasawa: tegemea huzaa mtegemezi kama tetea inavyozaa mtetezi, na pokea mpokezi. Lakini ujenzi sahihi si dhamana ya maana njema. Neno hili lilipokuja kutumiwa na wanasarufi, walilifunga kwenye kishazi tegemezi, yaani kile kisichoweza kusimama peke yake kikaleta maana kamili. Wanasiasa walilitumia kwa ukali zaidi. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, nchi hii imefundishwa kwamba kujitegemea ni sifa na kutegemea ni aibu. “Bajeti tegemezi” husemwa kwa kulaumu, wala haijasikika ikisemwa kwa kusifu. Ndilo neno hilo, lililobeba mzigo wote huo, analopewa mke wa mwalimu siku ya kwanza afikapo kaunta ya Uhamiaji.

Mtetezi wa neno hili atasema kwamba ni istilahi ya sheria, na istilahi haina budi kuwa na mipaka, ipendeze isipendeze. Hoja hiyo ina uzito, lakini yaelekea kusahau neno lilikotoka. Ni tafsiri ya neno moja la Kiingereza, iliyofanywa kwa kuhamisha maana ya shina bila kuuliza kama maana hiyo ndiyo iliyotakiwa. Lugha nyingine hazikupita njia hiyo. Katika nchi za Ghuba, Kiarabu cha ofisi huiita viza ya namna hii kwa neno lenye maana ya kuungana na kujiunga, iltihaki. Wajerumani huzungumza juu ya jamaa kuja nyuma ya mwenzao. Katika zote mbili kinachotajwa ni mwendo: fulani alitangulia, fulani akamfuata. Katika ile iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kinachotajwa ni udhaifu.

Tena kuna kosa la pili, nalo si la lugha peke yake. Neno huishia kuwa kweli kwa nguvu ya karatasi. Aliyeingia kwa hati ya mtegemezi haruhusiwi kufanya kazi ya mshahara kwa hati hiyo. Itampasa kutafuta kibali chake mwenyewe. Mwanamke aliyekuwa mkunga au mhasibu alikotoka, na aliyekuwa akilipa nusu ya kodi ya nyumba, huvuka mpaka na kuwa mtegemezi kwa sababu ameandikwa hivyo. Jina halikueleza hali aliyokuwa nayo. Lilimpa hali mpya. Wenye kutunga istilahi hupenda kusema kwamba kazi yao ni kuvipa vitu majina, lakini hapa msamiati umefanya kazi ya amri. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyotiwa saini mwaka 2009 na kuanza kutumika Julai 2010, ilifuata njia nyingine: inamtaja mfanyakazi, kisha inamtaja mume au mke wake na mtoto wake kwa majina yao, na kuwapa nao haki ya kuajiriwa katika nchi waliyofuatana naye. Utekelezaji wa jambo hilo ni habari nyingine. Lakini walioiandika walionyesha kwamba mke anaweza kutajwa katika sheria bila ya kuegemezwa ukutani.

Pengine itapendekezwa kwamba badala ya mtegemezi liwekwe neno mwenza, ambalo limeenea sana katika maandishi ya afya na ya serikali kwa maana ya mume au mke. Kwa Unguja ushauri huo ni mbaya kuliko ugonjwa. Hapa, mwenza ni mke mwenza. Na ukewenza ni uhusiano wa wanawake wawili walioolewa na mume mmoja. Fomu inayomuuliza mwanamke wa Makunduchi “jina la mwenza wako” inamuuliza jambo ambalo shoga yake asingethubutu kumuuliza. Ni ajabu kwamba lugha sanifu, ambayo msingi wake ulikubaliwa kuwa Kiunguja katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, yaweza kurudi Unguja ikiwa imevaa neno la Unguja kinyumenyume. Mwenzi lisingekuwa na ubaya huo, ila ni pana mno: msafiri wa daladala naye ni mwenzi.

Neno ambalo ofisi zimelipita bila kulitazama ni ahali. Mtu wa Unguja akisema “ahali yangu” anaeleweka. Huweza kuwa ni mkewe, au akiwa ni mwanamke, mumewe. Huweza pia kuwa ni watu wote wa nyumba yake. Sifa yake ya kwanza ni kwamba halisemi nani anamlisha nani. Sifa ya pili huonekana pale ambapo mwalimu aliyeajiriwa Tunguu ni mwanamke na mumewe ndiye aliyefuata. Hapo neno mtegemezi hutahayarisha pande zote mbili, kwa kuwa kwa mila na kwa dini ya watu wa hapa masurufu ya nyumba ni juu ya mume. Lakini ahali hubaki ahali, awe nani aliyetangulia kushuka uwanja wa ndege. “Hati ya ahali” ni fupi, inatamkika, na mwenye kukabidhiwa haoni haya kuisoma kwa sauti mbele ya watoto wake.

Hapana budi kukiri kwamba maandishi ya fasihi hayakuwasaidia sana watunga istilahi. Riwaya na masimulizi ya Kiswahili yana mabaharia, wakimbizi, na vijana waliotoroka usiku. Mbali na Nyumbani cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 2013, ni mfano mashuhuri wa kijana anayevuka mipaka. Msafiri wa vitabu hivi mara nyingi ni mtu mmoja, mwanamume, na mfuko wake. Anayehama kwa mkataba, akiwa na mke, cheti cha chanjo cha mtoto na barua ya shule, amekosa mwandishi, ingawa amekuwapo muda mrefu. Wasomi wengi wenye asili ya Unguja walikwenda Oman baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipowahitaji watu waliosoma, na huko wakapewa jina la mahali walipotoka: Wazinjibari. Lugha ya kale ilikuwa na maneno ya hali hizi. Kugura kulikuwa ni kuondoka moja kwa moja. Kulowea, kukaa ugenini hata ukazoea. Hilo la pili lilizaa mlowezi, na mlowezi akachukuliwa na historia ya ukoloni, hata leo halifai kwa mwalimu wa hesabu aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili.

Linabaki tatizo moja ambalo ahali haliwezi kulitatua. Mama mzazi wa mwalimu, aliyeletwa kwa kuwa hana wa kumtazama alikoachwa, si ahali kwa maana iliyo nyepesi kueleweka na karani. Naye kwa kweli anamtegemea mwanawe. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya wagonjwa na mayatima waliochukuliwa na nyumba, neno mtegemezi lina mahali pake halali, na lingeandikwa katika mstari wake mwenyewe chini ya ule wa ahali.