Gharama ya Kicheko: Utani wa Mashabiki wa Anime katika "Otaku no Video" na "Genshiken"

Methali isemayo kwamba nyani haoni kundule hueleza kwa nini tashtiti ya kujisuta ni adimu katika fasihi ya mataifa mengi. Msanii humsuta mtawala, tajiri, mlevi au mnafiki. Mara chache huigeuza kalamu akajisuta mwenyewe pamoja na kundi lake. Lakini yatukiapo hayo, mhakiki huwa na kazi ngumu zaidi, kwa maana nyani aliyeligeukia kundu lake, kisha akawaita wenziwe waje kulicheka, aweza kuwa na nia mbili. Yumkini anakiri ukweli; yumkini pia anacheka mapema ili wengine wasipate nafasi ya kumcheka.

Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hili katika kazi mbili za Kijapani ambamo mashabiki wa katuni wanafanyia mzaha ushabiki wao wenyewe: filamu ya "Otaku no Video", iliyotolewa na kampuni ya Gainax mwaka 1991, na "Genshiken", hadithi ya picha ya Kio Shimoku iliyochapishwa kwanza katika jarida la Afternoon kati ya 2002 na 2006. Hoja inayotetewa ni kwamba kicheko cha aina hii huwa na thamani pale tu anayecheka anapokubali kulipa gharama yake kwa nafsi yake. Akimlipisha aliye dhaifu kuliko yeye, tashtiti hugeuka kuwa masimango yaliyovishwa vazi la utani.

Yafaa kwanza kueleza ushabiki wenyewe. Anime ni filamu za katuni za Kijapani, na manga ni hadithi za picha, neno ambalo halina uhusiano wowote na Manga ya Waswahili wa kale, yaani Uarabuni. Wapenzi wa sanaa hizi wana mienendo yao: kukariri majina ya wachoraji ambao mtazamaji wa kawaida hajui kwamba wapo, kununua kitu kimoja mara tatu ili kimoja kitumiwe, kimoja kihifadhiwe na kimoja kiazimwe, kushona mavazi ya wahusika na kuyavaa hadharani, na kuchora hadithi zao wenyewe wakiwatumia wahusika wa waandishi wengine. Soko la maandishi hayo, Comic Market, lilifunguliwa Tokyo mnamo Desemba 1975 kwa vikundi 32 na wahudhuriaji wapatao 700, wengi wao wakiwa wasichana. Baadaye likakua hata likawa linakusanya malaki ya watu.

Jina la mashabiki hawa lina historia inayomhusu mwanafunzi wa lugha. "Otaku" kwa asili ni neno la heshima lenye maana ya nyumba ya mtu, na hutumika pia badala ya "wewe" kwa mtu ambaye msemaji hamzoei. Ni kana kwamba Mswahili angemwita mwenziwe "Nyumbani Kwako" kila anapomsemesha. Mwaka 1983 mwandishi Nakamori Akio, katika jarida la Manga Burikko, aliwakejeli vijana walioitana hivyo hata wakiwa marafiki, akalifanya neno hilo kuwa jina lao. Neno la heshima likawa tusi. Tena mwaka 1989 alikamatwa Miyazaki Tsutomu, muuaji wa watoto wanne wa kike, na chumbani mwake zikakutwa kanda za video zaidi ya 5,700. Vyombo vya habari vikamtangaza kuwa ni otaku, na kila kijana mwenye rafu iliyojaa kanda akaonekana mshukiwa. Kwa hiyo kicheko kinachochunguzwa hapa hakikuzaliwa katika raha, bali kilizaliwa katika wakati wa aibu.

Kipimo kinachofaa kukipimia kicheko hicho kimo katika desturi za Afrika ya Mashariki, nacho ni utani. Babu humtania mjukuu, na makabila yenye utani huambiana maneno ambayo kwa mwingine yangeleta ugomvi. Lakini utani una sheria. Kwanza, ni wa pande mbili: anayetania hutaniwa. Pili, una wajibu: mtani anayewachekesha wafiwa matangani ndiye huyo huyo anayesaidia kazi za mazishi. Asiyetimiza masharti haya si mtani bali ni mfidhuli. Je, msanii anayelitania kundi lake hutimiza masharti hayo?

"Otaku no Video" imeongozwa na Mori Takeshi, na mmoja wa waliobuni hadithi yake ni Okada Toshio, ambaye yeye na wenziwe walikuwa mashabiki kabla ya kuwa wasanii. Vijana hao ndio waliotengeneza filamu fupi za kufungulia mikutano ya wapenzi wa hadithi za kisayansi mjini Osaka mnamo 1981 na 1983, na kutokana na kundi lao ikazaliwa Gainax. Filamu yenyewe ina sehemu mbili zinazopokezana. Ya katuni inamhusu Kubo, mwanafunzi wa chuo kikuu na mcheza tenisi, ambaye mwaka 1982 anakutana na Tanaka, mwenziwe wa shule ya zamani. Taratibu anazama katika ushabiki, mpenzi wake anamwacha, naye anaapa kuwa mfalme wa maotaku wote. Anaanzisha kampuni ya sanamu za wahusika, ananyang'anywa, anaanza upya na kuinuka tena, hata anajenga bustani kubwa ya starehe kwa ajili ya mashabiki. Sehemu ya pili inajifanya kuwa mahojiano ya kweli: watu halisi wanaketi mbele ya kamera, nyuso zao zimefichwa na sauti zao zimegeuzwa, wakieleza tabia zao. Mmoja ni mfanyakazi wa ofisini anayeukana ushabiki wake wa zamani. Mwingine anajaribu kwa kila hila kuyaona yaliyofichwa katika filamu za ngono.

Sifa ya kwanza ya kazi hii isipuuzwe. Miaka miwili baada ya 1989, mtazamaji wa Kijapani alikuwa amezoea kuona nyuso zilizofichwa hivyo katika vipindi vya habari za wahalifu. Watengenezaji waliuiga mtindo huo kwa makusudi, na waliohojiwa walikuwa aghalabu watu wao wenyewe au rafiki zao. Basi kejeli ina makali mawili: inamchoma shabiki, na inaichoma televisheni iliyomfanya shabiki aonekane kama mhalifu. Hapa sheria ya kwanza ya utani inaelekea kutimizwa.

Hata hivyo, sehemu hizo mbili zikiwekwa bega kwa bega, kasoro hujitokeza. Kubo na anayehojiwa wana tabia zile zile, lakini Kubo amepewa rangi, muziki na ushindi, ilhali mwenziwe amepewa chumba kidogo na uso usioonekana. Tofauti yao ni fedha. Aliyeuza ushabiki wake akawa na kampuni amesamehewa. Aliyebaki nao chumbani amechekwa. Na kwa kuwa kampuni ya Kubo inafanana mno na historia ya watengenezaji wenyewe, ni vigumu kukwepa uamuzi kwamba waliofaulu wamejichora kwa wino wa dhahabu, kisha gharama ya kicheko wakawaachia wasiofaulu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kasoro hiyo huonekana wazi zaidi katika mahojiano ya Mmarekani mpenzi wa anime. Yeye anazungumza Kiingereza, na juu ya sauti yake imewekwa sauti ya Kijapani inayojifanya kutafsiri. Lakini yanayosemwa na sauti hiyo siyo aliyoyasema yeye. Mtazamaji wa Kijapani anamcheka mgeni aliye zuzu kwa maneno ambayo mgeni hakuyatamka. Msomi yeyote wa lugha za Afrika anaijua hila hii, kwa kuwa wazee wengi wa bara hili walisemewa na wakalimani kwa namna hiyo hiyo. Mtani humtania mwenziwe mbele yake na kwa lugha anayoielewa, ili apate kujibu. Aliyenyimwa ulimi hawezi kutaniana na mtu.

Kuna pia waliosahauliwa kabisa. Katika kundi la Kubo yumo mwanamke mmoja tu mwenye uzito, Fukuhara, mchoraji. Na waliohojiwa wote ni wanaume. Soko la 1975 lililojaa wasichana halionekani hata kidogo. Kicheko kinachodai kulicheka kundi zima kimeicheka nusu yake tu.

"Genshiken" inaanza mahali padogo zaidi. Hakuna mfalme wala bustani. Kipo chumba kimoja cha chuo kikuu na chama chenye jina la fahari, Chama cha Utafiti wa Utamaduni wa Kisasa wa Kuonekana kwa Macho, ambacho utafiti wake hasa ni kusoma manga na kubishana. Sasahara, mwanafunzi mgeni, anaingia huku akiona haya. Wanachama wanatoka kwa visingizio na kumwacha peke yake, kumbe wanamvizia. Anapodhani kwamba hakuna anayemwona, anaanza kupekua vijitabu vya mapenzi vya chama, nao wanaingia ghafla. Anafedheheka, kisha anakuwa mwenzao.

Tukio hili dogo limebeba falsafa ya kazi nzima. Mtego umefaulu kwa sababu walioutega wanajua mgeni atafanya nini, na wanajua kwa kuwa wao wenyewe wangefanya vivyo hivyo. Hakuna juu wala chini kati ya mchekaji na mchekwaji.

Kio Shimoku hakuridhika na hilo. Amemweka chumbani Kasukabe Saki, asiyependa katuni hata kidogo, anayefika kwa sababu mpenzi wake, Kousaka, ni mwanachama. Saki anauliza maswali ambayo jamii nzima ingeuliza, na mara nyingi ana haki. Lakini naye anachekwa, kwa maana hasira zake na majivuno yake havikufichwa. Karibu naye yupo Madarame, msemaji mkuu wa chama, mwenye hoja juu ya kila mhusika wa kila katuni. Siku moja anabaki peke yake na Saki, akawa anatafuta la kusema kana kwamba yumo katika mchezo wa video wa mapenzi, ambamo mchezaji huwekewa majibu machache achague moja. Msomaji anacheka, kisha kicheko kinamkwama kooni, kwa kuwa Madarame anampenda Saki kweli na hana lugha ya kulisema hilo. Anabaki nalo moyoni kwa miaka, na anapolitamka hatimaye, katika mfululizo wa pili uliochapishwa kuanzia 2010 hadi 2016, anakataliwa. Mwandishi hakumpa kampuni wala ushindi wa kumfariji.

Kilele cha kazi ni kisa cha Ogiue, msichana anayeingia chamani akitangaza kwamba anawachukia maotaku. Chuki hiyo ni ngao. Alipokuwa shuleni alichora hadithi iliyomwonyesha mvulana wa darasa lake akiwa katika mapenzi na mvulana mwingine. Michoro ikamfikia mwenyewe, naye akahama. Ogiue anajiona mkosaji, lakini hawezi kuacha kuchora. Sasahara anapomwambia kwamba anampenda, msichana huyu hamjibu kwa maneno. Anampa michoro yake ili aisome, na katika michoro hiyo Sasahara mwenyewe ni mhusika, amechorwa katika mapenzi na Madarame. Sasahara anaisoma yote, na hamkimbii.

Hapa sheria zote mbili za utani zinakutana. Aliyechorwa ameonyeshwa picha yake ana kwa ana, akaachiwa nafasi ya kujibu, jambo ambalo Mmarekani wa "Otaku no Video" hakupewa. Naye mchoraji ameketi kungoja hukumu, akihatarisha penzi lake. Kicheko juu ya wasichana wanaochora mapenzi ya wanaume, mzaha unaorudiwa sana miongoni mwa mashabiki, kimefikishwa mahali ambapo mtu aweza kuumia, na aliyekianzisha hakutoroka.

Haisemwi kwamba "Genshiken" haina dosari. Vijana wake wana nafasi, muda na fedha za kununua vitabu, na wazazi wao karibu hawaonekani. Huruma ya mwandishi mara nyingine huwa mto laini unaomzuia msomaji asiulize maswali makali, hasa juu ya namna baadhi ya michezo na vijitabu vinavyopendwa chamani vinavyomchora mwanamke kama kitu cha kukusanywa. Saki huuliza, lakini kadiri hadithi inavyoendelea ndivyo sauti yake inavyopoa. Huo ni udhaifu wa maudhui, wala fani njema haiuondoi.

Hata hivyo, kati ya kazi hizi mbili hukumu iko wazi. "Otaku no Video" ilitaka kulikomboa jina lililotiwa matope, na kwa kiasi fulani ilifanikiwa: mwaka 1996 Okada alikuwa akifundisha juu ya otaku katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Lakini ilijenga heshima hiyo juu ya mafanikio ya biashara, na biashara haina uaminifu. Mwaka 2024 Gainax yenyewe iliomba kutangazwa muflisi, na ndoto ya Kubo ikapata kejeli ambayo waliomwandika hawakuikusudia. "Genshiken" ilidai kidogo zaidi: kwamba mtu mwenye mapenzi ya ajabu aweza kuketi na wenziwe, akachekwa, akacheka, na asifukuzwe. Haki hiyo haihitaji fedha, wala haimhitaji aliye dhaifu zaidi aketi kwenye kiti cha mahojiano huku uso wake umefichwa.