Msasa Ndani ya Alumini

Chukua fremu mpya ya dirisha la alumini katika karakana ya Nateete, kando ya barabara ya Masaka. Igeuze juani, kisha pitisha ukucha kukatisha upana wake. Ukucha ukinasa kwenye mistari myembamba iliyonyooka mwanzo hadi mwisho, usimlaumu fundi wala lori lililoileta. Mistari hiyo mara nyingi ni alama ya kalibu iliyochakaa.

Fremu hutengenezwa kama tambi. Gogo la alumini hupashwa moto hadi nyuzi 450 au 480 hivi za Selsiasi, likalainika bila kuyeyuka, kisha mtambo hulisukuma lipite kwenye kalibu, yaani tundu lenye umbo la fremu. Kalibu yenyewe kwa kawaida ni ya chuma cha H13, chenye kromiamu asilimia 5 hivi, na uso wake hukomazwa kwa naitrojeni. Vipi alumini laini ikile chuma kigumu namna hiyo?

Kinachoila kalibu ni uchafu uliomo ndani ya alumini. Alumini iliyoyeyuka ikikutana na hewa hujivika ngozi ya oksidi, na oksidi ya alumini ndiyo hiyohiyo inayotiwa kwenye msasa. Mwenye kiwanda asipouchuja uji wa alumini kabla ya kumimina magogo, kila gogo hupita kwenye kalibu likiisugua.

Kisha kuna chuma kilichomo kwenye alumini yenyewe. Aloi ya 6063, inayotumika sana kwa fremu, hairuhusiwi kuwa na chuma zaidi ya asilimia 0.35. Chuma hicho hufanya vipande vyembamba, vigumu, vinavyochubua uso wa fremu inapotoka tunduni. Dawa yake ni kuyakalisha magogo kwenye joto la nyuzi 560 hadi 580 kwa saa kadhaa ili vipande hivyo vipungue makali. Anayeruka hatua hiyo kuokoa mafuta atayalipia kwa kalibu. Na chuma kikizidi hakichujiki. Hupunguzwa tu kwa kuongeza alumini safi.

Wanaosubu masufuria Katwe hawana shida hii kwa sababu kalibu yao ni mchanga unaovunjwa na kufinyangwa upya kila mara. Ndiyo maana alumini chakavu ya mchanganyiko huwafaa. Kwa fremu haifai kabisa: kasha la gia au bloku ya injini huwa na silikoni nyingi, mara nyingi asilimia 7 hadi 12, wakati 6063 haivuki 0.6.

Kwa hiyo, fundi wa Nateete, vipande vya fremu unavyovikata ni mali ghafi ya fremu mpya, bora kuliko unavyodhani. Vitie kwenye gunia la peke yake, ng'oa skrubu na riveti za chuma, wala usiruhusu vichanganywe na vipuri vya magari kwenye mizani ya mnunuzi wa chakavu.